Nyimbo za kwanza za nyota wa enka wa miaka ya 1970: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Enka ni nyimbo za Kijapani za hisia nzito, aghalabu za huzuni na mapenzi. Majina ya watu yameandikwa kwa mpangilio wa Kijapani, yaani ukoo kwanza. Herufi za Kijapani zimewekwa pale tu zitakapokusaidia kutafuta. Baadhi ya waimbaji waliotamba miaka ya 1970 walianza kurekodi miaka ya 1960, kwa hiyo tarehe zinarudi nyuma kidogo.

"Wimbo wa kwanza" ni upi hasa?

Swali hili linaonekana jepesi, lakini ndilo chanzo cha makosa mengi. Wajapani wana maneno matatu, na kila moja lina jibu lake.

*Debyu kyoku* (デビュー曲) ni wimbo wa upande A wa santuri ya kwanza iliyotolewa na kampuni. *Sai debyu* (再デビュー) ni kuanza upya, aghalabu kwa jina jipya la kisanii au kampuni nyingine. *Shussesaku* (出世作) ni kibao kilichompandisha chati, hata kama kilikuwa cha pili, cha tano au cha kumi na tano. Makala nyingi huchukua hicho cha tatu na kukiita cha kwanza. Ukisoma mahali kwamba fulani "alianza na" wimbo fulani maarufu, shuku kwanza. Katika enka, wimbo wa kwanza mara nyingi ndio usiojulikana.

Basi "Yokohama Tasogare" ni wimbo wa kwanza wa Itsuki Hiroshi, au siyo?

Ni wimbo wa kwanza wa jina hilo, si wa mtu huyo. Baada ya kushinda shindano la uimbaji la kampuni ya Columbia, alitoa santuri mwaka 1965 kwa jina la Matsuyama Masaru, na wimbo uliitwa "Shinjuku kara". Ukadoda. Akabadili jina kuwa Ichijo Eiichi, mambo yakawa yaleyale. Akawa Mitani Ken, bado. Kwa jina hilo la tatu aliingia kwenye shindano la televisheni la *Zen Nihon Kayo Senshuken*, akashinda wiki kumi mfululizo, kisha akapewa jina la nne: Itsuki Hiroshi. "Yokohama Tasogare" ilitoka Machi 1971 kwa lebo ya Minoruphone, mashairi ya Yamaguchi Yoko na muziki wa Hirao Masaaki, ikafika namba moja kwenye Oricon, chati ya mauzo ya santuri Japani. Mwisho wa mwaka huohuo alisimama kwa mara ya kwanza kwenye jukwaa la Kohaku, tamasha la mkesha wa mwaka mpya la televisheni ya NHK.

Ukiandika orodha, andika zote mbili: 1965 kwa mtu, 1971 kwa jina. Anayeandika 1971 peke yake anafuta miaka sita ya kuhangaika.

Mashairi ya wimbo huu yanastahili kusikilizwa hata na asiyejua Kijapani. Mistari ya mwanzo imejengwa kwa nomino tupu, moja baada ya nyingine, karibu bila kitenzi. Msikilizaji anapewa mji, machweo na chumba cha hoteli, halafu kisa anajiungia mwenyewe.

Nani alianza na nini?

Tarehe ni za kutoka kwa santuri, si za wimbo kuvuma.

- Kitajima Saburo: "Bungacha Bushi", 1962
- Miyako Harumi: "Komaru Koto yo", 1964
- Kobayashi Sachiko: "Usotsuki Kamome", 1964, akiwa na miaka 10, muziki wa Koga Masao
- Suizenji Kiyoko: "Namida o Dakita Wataridori", 1964
- Sen Masao: "Kimi ga Suki", 1965
- Mori Shinichi: "Onna no Tameiki", 1966
- Aoe Mina: "Kokotsu no Blues", 1966
- Okawa Eisaku: "Mennai Chidori", 1969
- Fuji Keiko: "Shinjuku no Onna", Septemba 1969
- Yashiro Aki: "Ai wa Shindemo", 1971
- Mori Masako: "Sensei", Julai 1972
- Ishikawa Sayuri: "Kakurenbo", Machi 1973
- Nishikawa Mineko: "Anata ni Ageru", 1974
- Hosokawa Takashi: "Kokoro Nokori", Aprili 1975
- Niinuma Kenji: "Omoide Misaki", 1976

Angalia Okawa Eisaku. Wimbo wake wa kwanza haukuwa mpya. Koga Masao aliutunga na ukatoka mwaka 1940, ukaimbwa upya. Kwa hiyo ukitafuta "Mennai Chidori" utakutana na rekodi za zamani zaidi zenye sauti tofauti kabisa. Hazijakosewa, ila siyo zake.

Kwa nini nyingi zilidoda?

Sababu hutofautiana. "Bungacha Bushi" ya Kitajima haikuuawa na wasikilizaji: kiitikio chake kilionekana kina matusi ya chini kwa chini, ikazuiwa kutangazwa baada ya wiki moja hivi. Kampuni ikaharakisha "Namida Bune" mwaka huohuo, na hiyo ndiyo iliyomletea tuzo ya chipukizi ya Japan Record Award. Miyako Harumi naye alipanda kwa santuri nyingine ya mwaka uleule wa 1964, "Anko Tsubaki wa Koi no Hana". Humo ndimo ulimwengu ulipousikia ule mkoromo wa sauti, *unari*, uliokuja kuwa chapa yake.

Kwa Ishikawa Sayuri tatizo lilikuwa kumpanga mahali pasipo pake. "Kakurenbo" ni wimbo wa kibinti, na aliuzwa kama nyota wa vijana wakati soko hilo limejaa. Hata kwenye orodha ya chipukizi wa Record Award ya 1973 hakuonekana. Ilimchukua hadi Januari 1977, santuri ya 15, "Tsugaru Kaikyo Fuyugeshiki" ya Aku Yu na Miki Takashi. Na hata huo haukutungwa uwe santuri ndogo. Ulichomolewa kwenye albamu ya mwaka uliotangulia.

Yashiro Aki alifuata njia ileile ya Itsuki. Santuri ya 1971 haikuuzika, akaingia *Zen Nihon Kayo Senshuken*, akashinda wiki kumi, na Februari 1973 ikatoka "Namida Koi".

Jambo la mwisho ni la mfumo wenyewe. Enka haikuuzwa kwa wiki moja. Iliuzwa baa kwa baa kupitia *yusen*, muziki uliosambazwa kwa waya hadi kwenye vilabu na mikahawa, ambako mteja alipiga simu kuomba wimbo. Kibao kingeweza kulala mwaka mzima kabla ya kuamka. Mara nyingine wateja walichagua upande usiotarajiwa: "Hoshikage no Waltz" ya Sen Masao (1966) ilikuwa upande B, na ikavuma mwaka 1968. "Omoidezake" ya Kobayashi Sachiko (1979) nayo ilianzia upande B, miaka 15 baada ya wimbo wake wa kwanza. Geuza santuri kila mara.

Kuna waliofaulu papo hapo?

Wapo, ila wachache. Mori Masako alikuwa na miaka 13 na alikuwa bingwa wa kwanza wa shindano la *Star Tanjo!*, "Sensei" ya Aku Yu na Endo Minoru ilipenya mara moja. Hosokawa Takashi alitoka kuimba kwenye vilabu vya Susukino, Sapporo, na "Kokoro Nokori" ikampa tuzo kuu ya chipukizi ya 1975. Mori Shinichi pia hakungoja, ingawa sauti yake ya kukwaruza iliwashtua wengi mwaka 1966.

Wa kushangaza zaidi ni Fuji Keiko. Alikuwa na miaka 18, mtoto wa waimbaji wa *rokyoku*, yaani hadithi za kuimbwa, waliokuwa wakisafiri na kuimba. Mtunzi Ishizaka Masao ndiye aliyemnoa na kumtungia "Shinjuku no Onna", wimbo wa mwanamke wa baa aliyedanganywa. Alisimama wima na gitaa, uso hautabasamu, sauti nzito ya mtu mzima. Albamu yake ya kwanza ya Machi 1970 ilikaa kileleni mwa Oricon wiki 20 mfululizo, ikapokewa na albamu yake ya pili kwa wiki 17 zaidi. Jumla wiki 37 bila mtu mwingine kupita. Vijana wa leo humjua zaidi kama mama wa mwimbaji wa pop Utada Hikaru.

Jina la albamu ile lilimtaja kuwa "nyota wa enka", na hilo si pambo tu. Neno *enka* ni la zamani, lilitumika kwa nyimbo za siasa za enzi ya Meiji, lakini kama jina la aina hii ya muziki lilishika mizizi karibu na 1970. Ndiyo maana santuri za 1962 au 1964 mara nyingi hazijaandikwa "enka" popote. Usizitoe kwenye orodha kwa sababu hiyo.

Mbona wanaume wanaimba "mimi mwanamke"?

Ni desturi ya fani. "Onna no Tameiki" maana yake ni mwanamke kushusha pumzi kwa huzuni, na anayeimba ni Mori Shinichi. "Kokoro Nokori" ya Hosokawa ni mwanamke anayejilaumu kwa ujinga wa mapenzi. Kinyume chake, Suizenji Kiyoko alikata nywele fupi, akavaa kimono ya kiume na kuimba ujasiri na wajibu wa wanaume. Mtafsiri asibadilishe jinsia ili ilingane na mwimbaji. Ataharibu kisa kizima.

Nithibitisheje wimbo wa kwanza wa mwimbaji ambaye hayumo hapa?

1. Pata jina lake kwa herufi za Kijapani. Kwa herufi za Kilatini pekee utachanganya watu. Fuji Keiko (藤圭子) na Fuji Ayako (藤あや子) ni watu wawili wa vizazi viwili. Mori Shinichi na Mori Masako hawakuwa ndugu, ingawa baadaye walioana kisha wakaachana.
2. Tafuta jina hilo pamoja na デビュー曲, kisha tena pamoja na 改名, yaani kubadili jina. Utafutaji wa pili ndio wengi huuruka, na ndiko miaka iliyofichwa inakotokea.
3. Tazama tarehe ya kutolewa, 発売日. Chati ya Oricon ya santuri ndogo ilianza rasmi Januari 1968. Ukiona mtu anataja nafasi ya Oricon kwa wimbo wa 1965, amebuni au amechanganya na uuzaji wa baadaye.
4. Linganisha watunzi kwenye hifadhidata ya JASRAC, shirika la hakimiliki za muziki Japani. Nyimbo zenye jina moja ni nyingi. Watunzi ndio watakaozitenganisha. Tahadhari: hifadhidata hiyo inakuambia nani alitunga, haikuambii nani alitangulia kuuimba.
5. Malizia kwa picha ya jalada la santuri yenyewe, mbele na nyuma.

Jalada limeandikwa 昭和48. Ni mwaka gani?

Ni mwaka wa 48 wa Showa, enzi ya mfalme wa Japani wa wakati huo. Ongeza 1925: 48 + 1925 = 1973. Kosa la kawaida ni kudhani 48 ni 1948, na kwa njia hiyo Ishikawa Sayuri anajikuta amerekodi kabla hajazaliwa.

Santuri yenyewe inaniambia nini?

Mengi kuliko jalada la CD. Herufi za mwanzo za namba hutaja kampuni: CW ni Crown, SAS ni Columbia ya miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, SV ni Victor, KA ni Minoruphone, JRT ni RCA ya Fuji Keiko. Namba za mfululizo mmoja hupanda kwa wakati, kwa hiyo ukijua tarehe za santuri mbili unaweza kukadiria ya tatu iliyo katikati.

Bei iliyochapwa nayo ni saa nzuri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 santuri ndogo ilikuwa yen 400, katikati ya muongo yen 500, kisha 600, na kuanzia 1980 hivi yen 700. Ukikuta wimbo wa 1969 kwenye jalada la yen 600, hilo ni toleo la kuchapwa tena.

Alama 見本盤 au 非売品 ina maana ni nakala ya redio au ya matangazo, haikuuzwa dukani. Nyuma ya jalada mara nyingi kuna mashairi na nota za wimbo, kitu ambacho CD za mkusanyiko huacha.

Kipenyo ni sentimita 17, mzunguko 45 kwa dakika, na tundu la kati kwa kawaida ni pana. Utahitaji kipete cha katikati. Bila hicho santuri hukaa upande na sauti hupepesuka, ukadhani ndiyo mtetemo wa mwimbaji.

Kuhusu bei ya leo, fikra za wengi zimepinduka. Vibao vilivyouzwa kwa wingi hupatikana kwa bei ya chini mno, kwa sababu kila nyumba ilikuwa navyo. Ghali ni vile vilivyododa, maana nakala zilichapwa chache.

Nitajuaje kama rekodi niliyo nayo ni ya mwanzo?

Shaka zaidi albamu ziitwazo *zenkyokushu* (全曲集). Jina linasema "nyimbo zote". Ndani mna dazeni moja na ushee, na hutolewa upya karibu kila mwaka. Msanii akihama kampuni hawezi kuhama na rekodi zake, hivyo huimba upya nyimbo zake za zamani huko aendako. Matokeo yake wimbo wa 1966 unakuja na sauti ya mtu wa makamo.

Dalili za kurudiwa: kinanda cha umeme mahali palipokuwa na kundi la vinanda vya nyuzi, sauti iliyoshushwa nusu toni au zaidi, mwendo wa polepole kuliko ule wa awali, na mapambo ya sauti yaliyozidi kwa sababu mwimbaji ameuimba mara elfu. Lakini kabla ya kutangaza kwamba sauti imeshushwa, pima mashine yako. Tofauti ya mwendo ya karibu asilimia 6 inatosha kuhamisha wimbo nusu toni nzima. Mashine nyingi za zamani zina kosa la asilimia 2 au 3, la kukudanganya robo toni.

Mzungumzaji wa Kiswahili ayatamkeje majina haya?

Ana bahati. Irabu tano ni zilezile, na silabi nyingi huishia kwa irabu. *J* ni ya "jambo", *g* ni ya "gari". *R* iko kati ya r na l, kwa hiyo wanaozibadilishana nyumbani hapa hawachekwi.

Penye mtego ni pawili. Kwanza, n isiyofuatwa na irabu huhesabiwa kama silabi kamili, mithili ya n ya "nchi": Shinjuku ni shi-n-ju-ku, mapigo manne; *onna* ni o-n-na, matatu. Ukiyameza, unakosa nota wakati wa kuimba. Pili, acha tabia yetu ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kijapani mapigo yana urefu sawa, na kinachopanda na kushuka ni kimo cha sauti.

Nataka kujifunza mmoja. Nianze na upi?

"Sensei". Ulitungwa kwa koo la mtoto wa miaka 13, hauruki juu sana, na maneno yake ni ya polepole: msichana anampenda mwalimu wake kimyakimya. Baada ya huo, "Kokoro Nokori", wenye mwendo wa kuchangamka unaokusaidia kuhesabu.

Waliopitia kwaya wataushika msingi haraka kwa sol-fa. Nyimbo nyingi za enka hutumia skeli ya *yonanuki*, yaani "ondoa ya nne na ya saba". Ya furaha inabaki do re mi so la. Ya huzuni ni la ti do mi fa. Imba hiyo ya pili kupanda na kushuka dakika tano na utaanza kusikia enka kabla hujaanza wimbo wowote.

Kisha *kobushi*, ile kuzungusha sauti. Chukua irabu ndefu mwishoni mwa mstari, tuseme kwenye mi, na uipitishe upesi mi-fa-mi-do, ukitua do bila kuvuta pumzi mpya. Haijaandikwa kwenye nota. Husikilizwa na kuigwa. Wapenzi wa taarabu wanaijua kazi ya koo la namna hii, na hapo ndipo wanapoteleza: wanaijaza kila mahali. Kwa wimbo mmoja wa beti tatu, mahali pawili au patatu kwa ubeti panatosha. Mtetemo nao uje mwishoni mwa nota, baada ya sauti kukaa imenyooka kwanza.

"Onna no Tameiki" uache. Kuiga ule mkwaruzo wa Mori Shinichi kwa kukaza koo huumiza, na kesho yake huna sauti. Unari wa Miyako Harumi vilevile.

Teresa Teng anahesabiwa?

Alitoka Taiwan, na wengi humweka kwenye *kayokyoku* (pop ya Kijapani ya zamani) ya mapenzi kuliko enka halisi. Lakini kisa chake ni kilekile: santuri yake ya kwanza ya Kijapani, ya Machi 1974, haikusogea; ya pili, "Kuko", ya Julai mwaka huo, ikamwingiza kwenye tuzo za chipukizi. Ukimjumuisha, andika "wimbo wa kwanza Japani". Kwao alikuwa nyota tayari.

Na Jero, yule Mmarekani mweusi?

Yeye si wa miaka ya 1970. Mzaliwa wa Pittsburgh, mjukuu wa bibi Mjapani aliyempenyezea enka utotoni, alianza Februari 2008 na "Umiyuki", ikaingia Oricon moja kwa moja nafasi ya 4. Kwake debyu kyoku na shussesaku ni wimbo mmoja, kwa hiyo safu mbili za orodha yako zitajazwa kwa jina lilelile.